Siku chifu alipoamuru aerial zote ziangalie Nairobi

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Nimesoma mkikumbushana zile kelele za kuhama analog kwenda digital nikacheka peke yangu. Sisi wa Kasikeu tulihamishwa signal kitambo, miaka ya themanini, tena kwa amri ya chifu. Haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa msichana wa primary.

Baba alikuwa na TV ya black and white, ya kutumia betri ya gari. Aerial ilifungwa kwa mti mrefu uliosimamishwa nyuma ya nyumba.

Basi chifu akaita baraza. Akatangaza kwamba mtambo wa zamani unazimwa, signal itatoka kwa mtambo mpya, so kila mwenye TV ageuze aerial.

Mzee mmoja akauliza, tugeuze wapi?

Chifu hakuwa ameambiwa. Lakini chifu wa siku hizo hangesema hajui!

"Serikali iko wapi? Si Nairobi? Basi aerial zote ziangalie Nairobi. Na assistant wangu atapita kukagua."

Na kweli alipita, fimbo mkononi, macho juu ya mabati. Matokeo yake yakawa chengachenga tupu kwa screen kila boma, na hakuna aliyethubutu kugusa kitu.

Sasa sikieni shida yetu.

Kwaya ya akina mama wa kanisa letu ilikuwa imerekodiwa, na ingeonyeshwa Jumapili hiyo mchana. Mamangu ndiye alikuwa soloist. Baba hakuwa amewahi kumsikia akiimba na kwaya, coz yeye na kanisa walikuwa wanasalimiana kwa mbali. Jumapili zake zilikuwa za mbuzi na redio.

"Safari hii hana pa kutorokea," mama alikuwa akisema. "Kwaya inamfuata hadi kwa kiti yake."

Alisema akicheka, lakini mimi nilimjua. Alitaka sana bwanake amwone.

Jumapili ikafika. Sebule ikajaa kwaya nzima na uniform zao, pamoja na chifu mwenyewe, maana hata yeye TV yake ilikuwa imekataa. Akapewa kiti kizuri na chai.

Kipindi kikaanza. Sauti tunasikia kwa mbali, picha hakuna. Baba akatoka nje kutikisa ule mti, mimi dirishani nikipiga kelele, "Bado! Bado!"

Mwishowe hasira zikampanda. Akaung'oa mti wote na aerial yake, akauweka begani aende autupe kando ya zizi, waya ukimfuata nyuma. Alipogeuka tu, aerial ikaipa Nairobi mgongo, ikaangalia upande wa mji wa Wote.

"Hapo hapo!" kwaya nzima ikapiga yowe.

Picha safi kabisa!

Baba akaganda. Akisogeza mguu kidogo, picha inapotea. Sisi sote tukamtazama chifu. Chifu akatazama chai yake.

"Baba Mutuku," akamwita baba kwa jina la kaka yangu, "usitingizike."

Mama akajiona kwenye screen, akatabasamu. Halafu akageuka akaona kiti cha baba kiko tupu. Nilimwonea huruma jamani.

Akasimama.

"Mama Mutuku, unaenda wapi? Solo yako ndiyo hiyo inakuja!" wenzake wa kwaya wakamwita.

Alitoka nje, akasimama mbele ya baba kwenye jua, akanyoosha kitambaa cha kichwa, akaimba solo yake yote pale. Baba jasho linamtoka, mti begani, hawezi kwenda popote. Alikuwa na aibu kama bwana harusi.

Kipindi kiliisha, watu wakaanza kutoka. Baba bado amesimama vilevile.

"Rudia," akamwambia mama. "Hii mti si nzito."

Kesho yake aerial zote ziligeuzwa upande wa Wote, bila baraza.

Nilichojifunza ni kwamba signal haiogopi cheo cha mtu. Na kama kuna mtu unataka akuone, toka nje umfuate alipo.

Haya, watu wa Kanyangi na Kitui yote, nyinyi mliambiwa mgeuze wapi? Andikeni hapo chini tucheke pamoja.