Chai ya Kijani na Kidonge cha Asubuhi

Mama aliponifungulia mlango wa nyumba yake katika mtaa wa Tassia, Nairobi, kitu cha kwanza nilichokiona ni leso. Zamani ncha zake zilikutana kiunoni kwa taabu. Siku hiyo ilikuwa imemzunguka vizuri na ikabaki ya kufungia fundo.

"Mbona umesimama hapo kama mtu wa kusoma mita? Ingia, mami."

Huniita mami kwa sababu nina jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu kwa binti wa pili. Akiwa na furaha hunichokoza nalo. Akiogopa, huniuliza mambo kana kwamba kweli mimi ndiye niliyemzaa.

Siku hiyo alikuwa na furaha. Jirani wa mlango wa pili, mama wa Kikamba ambaye ni karani Industrial Area, alikuwa amemletea pakiti ya chai ya kijani. Yeye mwenyewe alikuwa ameinywa na kupungua uzito. Sasa alikuwa kwenye korido akianika nguo, akatuchungulia.

"Huyu mama yako atarudi kuwa msichana. Kanisani wameanza kuuliza amepata bwana gani!"

"Nyamaza wewe," mama akamjibu. "Ulitaka upungue peke yako uniache na tumbo langu?"

Tukacheka wote. Kisha mama akainuka kuchukua vikombe, akashika ukingo wa meza, akafumba macho kidogo.

"Nini?"

"Kichwa tu, hapa kisogoni. Nafikiri ni mafuta yanayeyuka."

Kicheko kikanikauka mdomoni. Mama ana presha. Dada yake mkubwa alikuwa nayo pia, na kiharusi kikamnyang'anya maneno yote isipokuwa mawili matatu, mwanamke aliyekuwa akisikika soko zima. Tangu hapo, mama akisema kichwa, mimi husikia jambo jingine.

Akanimiminia chai. Ilikuwa na rangi ya nyasi zilizolowekwa, chungu kidogo mwishoni. Mama alichuma majani chai utotoni, kwenye miteremko ya kwao, kwa hivyo alitaka kujua ni mmea gani huu wa ajabu. Nikamweleza kwamba ni jani lile lile alilolibeba mgongoni kwa kikapu. La chai ya kawaida huachwa ligeuke rangi kabla ya kukaushwa. Hili hupashwa moto mapema ndipo likabaki kijani.

"Kwa hivyo tunauziwa jani ambalo halijamalizwa kutengenezwa," akasema, akanywa kwa raha.

Nikauliza, polepole ili asihisi anahojiwa, alikuwa amekula nini asubuhi.

"Hii."

"Na nini?"

"Na nini tena? Hii haitaki mkate, mami. Ukiweka mkate unaiharibia kazi."

"Na dawa ya presha?"

Akaniangalia kwa mshangao wa mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Daktari alisema nimeze asubuhi baada ya kula. Sasa asubuhi sili. Nimeze baada ya nini?"

Nikaweka kikombe chini. Hakuwa ameikataa dawa. Alikuwa ameitii mpaka ikamponyoka. Kwa miaka mingi asubuhi yake ilikuwa kamba moja: chai ya maziwa yenye sukari, vipande vya mkate, kisha kidonge. Alipokata maziwa na mkate, kidonge kikaanguka pamoja navyo, wala hakusikia kikianguka.

Nikamwambia twende kliniki. Tukashuka ngazi ghorofa kwa ghorofa, mimi mbele, yeye akinishika bega. Kila aliponyamaza nilimwambia neno lolote ili tu anijibu. Nilikuwa nasikiliza kama maneno yanatoka sawa.

Kwenye kliniki muuguzi alimfunga kipimo cha presha mkononi, akapima. Akapima tena. Kisha akaenda kumwita daktari.

"Mami," mama akaninong'oneza, "ni mbaya?"

Nikamwambia tumefika mapema. Sikujua kama ni kweli.

Daktari alimchunguza, akamrudisha kwenye dawa yake kama zamani, akamwonya asimeze nyingi ili kufidia zilizompita. Akatuweka pale, akapima tena, na aliposema twende nyumbani turudi baada ya siku chache, ndipo nilipogundua nilikuwa nimeng'ata shavu kwa ndani. Kuhusu chai hakumgombeza. Alimweleza kwamba kilichompunguza zaidi ni sukari na mkate alioacha, na mlo aliouruka. Chai anaweza kunywa, lakini haikai mahali pa chakula, wala mahali pa dawa.

Kama nyumbani kwako nako kuna mtu aliyeanza chai hii, usimnyang'anye kikombe. Keti naye, umuulize kile kikombe kimechukua nafasi ya nini. Mama bado anainywa, saa kumi jioni, na jirani yake. Asubuhi anakula nduma au uji bila sukari, kisha kidonge. Presha imeshuka, ingawa bado tunaifuatilia.

Mimi humpigia simu kila asubuhi kutoka kwangu, mtaa wa Huruma. Simuulizi dawa. Namuuliza amekula nini, kisha nangoja mpaka nisikie glasi ya maji ikiwekwa mezani.

Juzi simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika tena. Nilikuwa tayari nimevaa kiatu kimoja, namtafuta jirani yake kwenye simu, mama alipopiga mwenyewe.

"Mama! Mbona hushiki simu?"

"Nilikuwa natafuna," akasema, sauti yake nzima, kila neno mahali pake. "Ama ulitaka nimeze kabla ya kula, mami?"