Baba haoni, nikamdanganya kuhusu nyuki wa uani

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Leo sina utani. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe hapa Tabora, na sitajipendelea hata kidogo.

Baba yangu alifuga nyuki kule Usinge maisha yake yote. Mizinga ya magogo, huko porini. Presha ya macho ilipommaliza akawa haoni kabisa, nikamleta mjini nikae naye.

Kila asubuhi alikuwa anapapasa ukuta mpaka uani, anakaa kwenye kigoda karibu na mti wetu wa mjohoro. Nilidhani anaota jua. Kumbe ndani ya shina kulikuwa na nyuki, na mzee alikuwa anawasikiliza. Hakutuambia, alijua tungewafukuza.

Kisha ikaja ile mvua ya upepo. Bati za jirani ziliruka, mjohoro ukapasuka katikati. Nyuki wakatoka wakajirundika kwenye ukuta wa choo, wengi wa kutisha.

Binti yangu Mwajuma, miaka sita, akaumwa kwenye kope. Jicho likafumba kabisa.

Mke wangu, na mimba yake, akanijia juu: "Baba Mwajuma, unasubiri mpaka mtoto afe?"

Baba naye akaniita. "Mwanangu, hao wamevunjikiwa nyumba. Wape siku mbili tu, watahama wenyewe. Macho sina, lakini nyuki bado nawajua."

"Sawa baba," nikamjibu.

Wakuu, ahadi yangu haikufika hata hizo siku mbili.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mwajuma alipomshika babu yake mkono kumpeleka msikitini, nikaazima kwa jirani bomba la kupulizia dawa shamba la tumbaku, nikalijaza maji ya sabuni ya unga. Nikavaa koti la mvua, nikajifunga neti kichwani. Haikuchukua muda, wote chini.

(Msiniulize kwa nini sikutafuta mtaalamu. Mke alikuwa ananitazama, nikataka kuonekana kidume.)

Waliporudi, mzee akasimama uani akatega sikio.

"Mbona kimya?"

"Wamehama baba."

Akatabasamu. Tangu mama afariki sikuwahi kumuona anatabasamu vile. "Si nilikwambia! Wameelekea wapi?"

"Upande wa relini," nikasema. Uongo ulinitoka bila hata kukwama.

Mara Mwajuma akaita kutoka kule chooni: "Babu! Nyuki wamelala chini, wengi!"

Mzee akamwambia amletee mmoja. Akamuweka kiganjani, akamnusa. Sabuni.

Nilitamani ardhi inimeze.

Hakufoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka. Alisema taratibu: "Kuwaua, sawa, mtoto wako kaumwa. Ungeniambia tu. Mimi macho yangu ni nyie. Sasa hata ukiniwekea chakula mbele yangu, nitajuaje ni nini?"

Wiki ile ile akapanda treni kurudi Usinge, kwa dada yangu. Pale stesheni akasema amenisamehe. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, mtu mzima mimi.

Nilichojifunza ni hiki: ningemkatalia mzee waziwazi, angenuna siku tatu, yangeisha. Mimi nikaona uongo ndio heshima.

Nampigia kila Jumapili. Shikamoo yangu anaiitikia vizuri tu. Ila nikimweleza jambo lolote, hata kwamba tumeamka salama, anasema, "Haya, mpe simu Mwajuma," kisha anamuuliza mtoto yale yale.

Wenye wazazi wa namna hii, nielezeni imani inarudishwaje, na mlianzia wapi. Anayetaka kunisema pia aniseme, sitajibu.

Maana Jumapili iliyopita nilimwambia baba kwamba mke wangu amejifungua salama, mtoto wa kiume, na tumempa jina lake yeye.

Akasema:

"Mpe simu Mwajuma."