Alama ya Mkoba

Mimi ni mtu wa kushuku. Mwalimu mkuu aliponiita ofisini na kunimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, nilijua kuna jambo. Miaka yote niliyofundisha watoto viziwi hapa Mbinga, ofisi ile haikuwahi kunipa hata maji.

"Umechoka, Mwalimu," akasema. "Darasa la nne wanasikia, hawatakusumbua. Lishike kuanzia Jumatatu."

"Na wangu atawafundisha nani?"

"Tutaona."

Hiyo tutaona naijua. Tayari magunia ya mahindi ya chakula cha shule yalikuwa yameanza kupangwa nyuma ya darasa langu, eti kwa muda. Nikiondoka, chumba kinageuka stoo, na wanangu wanasukumwa nyuma ya madarasa mengine, wakitazama kisogo cha mwalimu anayeongea na ubao. Nikaomba nifikirie. Kusema kweli, nilitamani. Mikono nayo inachoka.

Watoto wangu hawakuiti kwa jina, wanakupa alama yako. Walimu walionitangulia wote walipewa moja: ngumi begani, kama mtu anayeshika mkanda wa mkoba. Maana yake, huyu anapita tu. Hata mimi nilianza nayo. Siku hizi wanavuta kope ya chini kwa kidole, kwa sababu namkodolea macho kila mtu. Sijawahi kujivunia cheo kuliko hicho.

Nilipotoka ofisini, binti mmoja wa Lituhi alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa. Kwao ziwani hakuna anayejua lugha ya alama. Likizo nzima anaanika dagaa wa usipa bila kuzungumza na mtu, hadi arudi kwetu. Alikuwa ametuona dirishani, mimi na chai yangu. Akakunja ngumi, akaiweka begani.

Iliniuma, tena ikanikasirisha, mtoto kunishuku mimi. Nikarudi ofisini papo hapo, nikasema sihami, na magunia yatafutiwe pengine. Mwalimu mkuu akatabasamu. Tutaona, akasema.

Nikaenda kumwambia binti kwamba nabaki. Akanitazama mikono, akanitazama uso, akarudi kwenye mikono. Akautungua mkoba wangu kwenye msumari, akausukuma chini ya dawati lake, akauwekea miguu juu hadi jioni.

Mpaka leo, kila asubuhi, anaanzia hapo.