Pikapu ya Mama Zuhura na Stelingi ya Oili

Siku ya kwanza niliyoingia gereji ya Tangini, mkuu wa gereji, ambaye wote tulimwita Mkuu tu, aliniuliza ufundi nilisomea wapi. Nikamjibu kwamba nilisoma kwa video za kwenye simu, na kwenye gari bovu la jirani yetu kule Pangani, ambalo nililifungua na kulifunga mpaka mwenyewe akaacha kuuliza litatembea lini. Mkuu hakucheka. Alinipa spana akasema, "Hapa video haisimamishwi. Mteja anasubiri."

Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa. Niliacha gereji nikiwa bado kijana, kwa sababu ngozi ya mikono yangu iliikataa oili. Daktari alinionya, nikamkaidi mpaka vidole vikapasuka. Watu wakisikia nasema nimestaafu, wanacheka. Mimi sicheki. Kazi ile niliipenda kwa hofu. Nati niliyoikaza niliikaza tena, na gari likishatoka getini nilibaki nikilisikiliza kichwani.

Ninayoikumbuka kuliko zote ni pikapu ya Mama Zuhura, mkulima wa mihogo na mananasi wa Mzenga. Ilikuwa inavuta kwa magurudumu yote manne, imeinuliwa kwa ajili ya matope, lakini stelingi yake ilikuwa ya umeme. Maana yake, mota imefungwa chini, kwenye raki inayogeuza magurudumu ya mbele, na ndiyo inayomsaidia dereva kukata kona. Kwenye lami haina neno. Mzenga, kila masika maji yaliingia kwenye mota ikafa, na usukani ukawa mzito kama umefungwa kamba.

"Shikamoo, Mama," nilimwamkia siku alipoileta ikivutwa.

"Marahaba, mwanangu. Bega hili liliwahi kuvunjika, siwezi kupigana na usukani. Mkishindwa safari hii, ufunguo namkabidhi Shabani, mtoto wa dada yangu. Na Shabani akishika gari, mihogo itaozea shambani yeye yuko harusini."

Mkuu akainama, akachungulia chini ya gari. "Tunang'oa umeme. Tunaweka ya oili. Wewe wa video, hii ni yako."

Tuliitoa raki ya umeme na kufunga ya oili, iliyotoka kwenye pikapu ya aina ileile ya zamani. Stelingi ya oili inataka pampu, na pampu inazungushwa na injini kwa mkanda. Bahati nzuri injini ilikuwa na matundu ya kuifungia. Puli ya pampu, kile kigurudumu kinachobeba mkanda, lazima ikae mstari mmoja na puli nyingine, la sivyo mkanda unalika upande. Halafu kuna hosi nene ya presha, hosi ya kurudisha oili, na kopo lake. Ukishajaza, unainua magurudumu ya mbele na kuzungusha usukani taratibu injini ikiwa imezimwa, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, hadi mapovu yaishe kwenye kopo. Huko ndiko kutoa hewa.

Mapovu yaliisha. Lakini usukani ukifika mwisho, pampu ilitoa mlio mwembamba. Nikafungua hosi, nikafunga. Nikapanga puli upya. Mlio ukabaki.

"Unatafuta nini tena?" Mkuu aliuliza.

"Inalia, Mkuu."

"Inazunguka. Ulitaka ikae kimya kama mkwe?"

Gereji yetu ilikuwa na desturi moja: aliyefunga stelingi hakai kwenye usukani siku ya majaribio. Anakaa kiti cha abiria, mikono mapajani, na mwenye gari anaendesha kwenye barabara yake mwenyewe. Niliomba siku moja zaidi. Mkuu akampa Mama Zuhura ufunguo.

Tulikwenda hadi Mzenga. Kwenye dimbwi lililokuwa likiua mota, maji yalipanda mpaka kwenye bampa. Pampu ikalia. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Mama Zuhura alikuwa amekata kona kwa mkono mmoja, wa upande wa bega bovu, huku kwa mwingine akijifunga mtandio.

"Fundi, unasali?" alisema. "Tumeshapita."

Tulipofika shambani simu yake ikaita. Alikuwa Shabani, akaiweka kwenye spika tusikie wote.

"Mama mkubwa, ufunguo nije kuchukua lini?"

"Njoo hata leo, kuna mihogo ya kupakia. Ufunguo una mwenyewe."

Siku hizi nauza vipuri, mikono mikavu. Mafundi vijana wanakuja kuniuliza jinsi ya kuumaliza mlio wa pampu, na kwenye nyuso zao naiona hofu ninayoifahamu. Nawaambia watoe hewa, wapange puli, wakague hosi. Wakishamaliza, wampe mwenye gari ufunguo.