Mimi Niliyekuwa Baki

Shuleni kwetu, kwenye shamba la mzungu karibu na Eldoret, tulijifunza kugawanya kwa punje za mahindi. Siku panya walipozimaliza, mwalimu, mgeni kutoka upande wa ziwani, alitupanga sisi wenyewe uwanjani kwenye ukungu, wanne wanne. Kwetu watu hawahesabiwi; ukiwahesabu, kifo kinasikia.

Alitugusa vichwa mmoja mmoja, kisha akacheka, akaninyooshea kidole.

“Huyu hana kundi. Huyu ni baki.”

Nilipomwambia mama, aliacha kusonga ugali, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nilikasirika. Ushamba gani huo, kuogopa kuhesabiwa?

Sasa wote waliopata makundi wamezikwa. Asubuhi za ukungu namsikia mtu nje akihesabu, wanne wanne, na bado ananiruka.