Mbwa Aliyechanjwa kwa Kalamu

Jirani yangu hapa Kitaji, Musoma, anataka kununua mtoto wa mbwa, na juzi alikuja kuniomba nakala ya mkataba niliotumia mimi. Nilimwambia sina. Akadhani namnyima, akaondoka amenuna, nami nikabaki nimeshika mlango. Sikumnyima. Mkataba ule niliuchana mwenyewe, na kama angevumilia kidogo ningemweleza kwa nini.

Watu wananijua kuwa ni mtu wa mikataba. Nina steshenari karibu na Mwigobero, kando ya ziwa, kompyuta moja na mashine ya fotokopi inayokwamisha karatasi kila mvua ikinyesha. Wavuvi wakiuziana mtumbwi au injini wanakuja kwangu. Mtu akinunua shamba Bugwema, mimi ndiye naandika "nikiwa na akili zangu timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote". Nimeyaandika maneno hayo mpaka nayaota. Ukikaa na karatasi miaka yote hiyo unaanza kuiamini kuliko unavyowaamini watu, na huo ndio ugonjwa wangu.

Wezi waliingia uani kwetu wakabeba ndoo, sufuria, hata kamba ya kuanikia nguo. Mume wangu yuko machimboni na nyumbani anakuja kwa nadra. Akasema kwenye simu, tafuta mbwa. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja kijijini, upande wa Butiama, mfugaji na kiongozi wa jumuiya kanisani kwao, ambaye mbwa wake jike alikuwa amezaa. Nilikwenda na binti yangu wa darasa la pili. Alipomwona yule mwenye doa jeupe kifuani, hakumtazama mwingine tena.

"Mbwa huku hatuuzagi, mama," mzee aliniambia. "Niletee kuku, umchukue. Mbwa wa kuuzwa halindi nyumba."

Nilicheka. Kuku nilikuwa nimempeleka, maana desturi hiyo naijua, lakini na mkataba nilikuwa nimeshauchapa. Nikamwambia, "Mzee wangu, siku hizi kila kitu ni maandishi." Akasema sawa, kama mimi naona ni vizuri. Mkewe akatuletea viti vya plastiki, tukakaa mbele ya zizi, nikaanza kumsomea kifungu baada ya kifungu.

Kifungu cha nne nilikuwa nimekiiga kwenye simu, kutoka kwa watu wa mbali huko wanaouziana mbwa wa manyoya. Kilisema muuzaji anathibitisha kwamba mbwa amechanjwa chanjo zote. Nikamuuliza mzee, "Kachanjwa, si ndiyo?" Akajibu, "Ndiyo, mama." Alikuwa amejibu ndiyo kwa vifungu vyote vilivyotangulia. Kwetu mgeni aliyefunga safari mpaka nyumbani kwako, tena na kuku mkononi, humkatalii neno mbele ya watoto wako. Mimi nalijua hilo, nimelelewa hivyo hivyo. Kama ningemuuliza, "Mzee, hawa mbwa bwana mifugo alikuja lini kuwaona?" angesema hajaja, na asingeona haya. Lakini mimi nilimwekea jibu mdomoni, kisha nikamshikia wino aweke dole gumba. Mkewe akawa shahidi. Chini kabisa niliweka kile kifungu changu ninachokiweka kila mahali, kwamba baada ya makabidhiano hakuna upande utakaomfuata mwenzake. Nikarudi mjini nimevimba kichwa.

Mwanzoni nyumba ilichangamka. Binti yangu alikuwa akitoka shule anakwenda kwa mbwa kabla ya kwenda kwa chakula, na dagaa wangu walipungua kwenye kopo bila maelezo. Kisha mbwa akabadilika. Akajificha chini ya kitanda, hali chakula, sauti imemkauka, mate yanamtoka. Nilidhani kameza mfupa. Binti yangu akaingiza mkono amtoe, akang'atwa kwenye kiganja, akalia zaidi kwa uchungu wa moyo kuliko wa kidonda. Nilimwosha kwa sabuni bombani muda mrefu, kwa sababu niliwahi kusikia redioni wanasema hivyo. Kesho yake mbwa alikuwa amekufa.

Hospitalini Musoma waliniambia sindano za kichaa cha mbwa zimeisha. "Nenda Bunda leo," daktari alisema, "usingoje kesho." Nikamuuliza, na nikisubiri? Akaniambia taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa, kwamba sindano inafanya kazi kabla ugonjwa haujajionyesha, na ukishajionyesha hakuna dawa popote duniani. Binti yangu alikuwa amesimama hapo hapo akichezea pindo la sketi ya shule. Nilitamani kumpiga yule daktari kwa kusema maneno hayo mbele yake, na nilitamani vilevile kumshika miguu.

Bunda anaishi mdogo wangu wa kike, akatupokea stendi tukaenda wote hospitalini. Benchi ilikuwa imejaa. Mbwa asiye na mwenyewe alikuwa amepita mtaani na kuuma watu ovyo, na waliobahatika kufika mapema walikuwa wameshachomwa. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, macho mekundu kwa uchovu. Akaniuliza kuhusu mbwa wetu. Na mimi, kwa mazoea yangu ya kijinga, nikafungua pochi nikampa mkataba.

Aliusoma wote. "Huyu mbwa kachanjwa," akasema. "Imeandikwa hapa, na shahidi yupo."

"Sista, hiyo karatasi niliichapa mimi."

"Kwa hiyo uliandika uongo?"

Niliichukua karatasi yangu. Akanionyesha benchi kwa kidevu. "Dawa niliyobakiwa nayo ni kidogo sana, mama, na hawa wote mbwa wao hajulikani. Siwezi kumruka mtu nimpe ambaye mbwa wake kachanjwa. Subiri mzigo mwingine uje. Au niletee kadi ya chanjo niione, au mwenye mbwa aje aseme kwa mdomo wake."

Nilimwomba, nikamwambia mbwa kafa mate yakimtoka, akasema hata sumu huua hivyo. Nililia mbele ya watu, mimi ambaye sipendi hata kupiga miayo mbele ya watu. Aliniambia, "Kadiri unavyolia hapa ndivyo unavyochelewa," na alisema kweli. Nikamwacha binti yangu na mama yake mdogo kwenye benchi, nikapanda gari hadi Makutano, na kutoka hapo nikachukua bodaboda kuelekea kwa mzee.

Njiani nilimwomba Mungu mambo ya ajabu. Nilimwambia achukue steshenari, achukue nyumba, aniache na mtoto. Katikati ya maombi kichwa kikaanza chenyewe kuuandika upya mkataba, maana ndiyo kazi kinayoijua. Mama wa mbwa aonekane kwa macho, akila na akinywa, siyo kuambiwa yupo malishoni na ng'ombe, kama nilivyoambiwa mimi. Kadi ya chanjo iwe mkononi, ina muhuri wa bwana mifugo na tarehe, na kama hakuna kadi basi iandikwe wazi kwamba hakuchanjwa, na nani atampeleka, na lini. Mbwa akiugua arudishwe bila ugomvi. Na kubwa kuliko yote, mama au ndugu zake wakiugua huku nyuma, mwenye nao apige simu, usiku au mchana, na asilaumiwe kwa kupiga. Mstari huo mmoja tu. Dereva alinisikia nikinong'ona akauliza kama nimesema nishuke.

Mzee aliniona tangu barabarani. Kabla sijafika aliwaambia wajukuu waingie ndani.

"Karibu, mama."

"Mzee, yule mbwa alichanjwa?"

"Si imeandikwa, mama."

"Najua imeandikwa. Nakuuliza wewe."

"Imeandikwa ndiyo, na mimi niliweka dole." Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye karatasi niliyoishika. Akauliza kwa sauti ya chini, "Polisi umewaacha wapi? Barabarani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mzee hakuwa anazungumza na mimi kabisa, alikuwa anajibu karatasi. Nilipiga magoti kwenye samadi, nikachana mkataba vipande vipande mbele yake na mbele ya mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Sina polisi, baba. Nina mtoto Bunda, kaumwa na yule mbwa, na mbwa kafa. Hawamchomi mpaka wewe useme."

Mkewe ndiye aliyesema, "Mwambie."

"Hajachanjwa," mzee akasema. "Wala mama yake. Mama yake alikufa siku chache tu baada ya wewe kuondoka. Mate yanamtoka, anang'ata mpaka mawe. Tulisema labda kala sumu."

"Sasa kwa nini hukunipigia?"

"Nilitakaga kukupigia. Nikamwambia na huyu mama. Lakini si ulisoma pale kwamba hakuna wa kumfuata mwenzake? Nikaona nikikwambia mbwa ni mgonjwa, utanifunga kwa kile kifungu cha chanjo. Mimi sijuagi mambo ya mikataba, mama. Ingekuwa ni kuku tu, ningekupigia siku ileile."

Sijawahi kusikia neno lililoniumiza kama hilo, na alilisema bila nia ya kuniumiza. Kwa kuku peke yake tungekuwa watu wanaojuana, kila mmoja akijua mwenzake ana mtoto. Mimi nilimfanya kuwa muuzaji.

Aliingia ndani akatoka amevaa koti la kanisani. Sikuwa nimemwomba twende, wala yeye hakuuliza. Tulirudi Bunda pamoja. Mara mbili nilimpigia mdogo wangu. Alisema mtoto kalala mapajani mwake, na watu kwenye benchi wanapungua, na mimi nikashindwa kuuliza kama na dawa inapungua.

Tulikuta muuguzi anafunga kabati. Mzee akavua kofia.

"Mimi ndiye mwenye mbwa," akasema. "Hakuchanjwa. Huyu mama nilimwitikia tu. Na mama wa mbwa alikufa kwa ugonjwa huo huo."

Muuguzi akafungua tena kabati, akavaa glavu, akamwita binti yangu. Ndipo jicho lake likaangukia mkono wa mzee ulioshika kofia. Palikuwa na kovu jipya, la waridi, chini ya kidole gumba.

"Na hiyo nini, mzee?"

"Hii? Nilikuwa namfunga kamba yule jike siku anaumwa. Imeshapona."

Muuguzi aliweka sindano chini. Alikaa kwenye kiti chake akaniangalia mimi, akamwangalia mzee, akamwangalia mtoto. "Nimebakiwa na ya mtu mmoja," akasema.

Mzee ndiye aliyeelewa wa mwisho, nafikiri, au alielewa wa kwanza akajifanya. Alisogea nyuma hatua moja, akarudisha mkono ndani ya mkono wa koti.

"Mchome mtoto," akasema. "Mimi wajukuu nimeshawaona."

Nimejiuliza mara nyingi ningesema nini kama angenyamaza. Sijui. Najua nilichofanya. Sikusema, mzee wangu, wewe kwanza. Hata asante sikusema. Nilimsukuma binti yangu mbele, nikamkunjia mkono wa shati mwenyewe, haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

Mzigo mwingine wa dawa ulichelewa. Ulipofika nilikwenda kumchukua mzee mwenyewe, nikampeleka, na safari zote zilizofuata nimempeleka mimi. Siku ile ya kwanza muuguzi alinivuta pembeni. Alisema tumeanza kwa kuchelewa, na ugonjwa huu unaweza kujificha mwilini miezi mingi. Nikamuuliza nitajuaje. Akasema mara nyingi mtu anashindwa maji. Ana kiu, kikombe kiko mkononi, koo linakataa.

Binti yangu ni mzima. Namwona anavyokunywa akirudi shule, anaishika kata kwa mikono miwili na maji yanamchuruzika kidevuni, namwacha alowe.

Na kila asubuhi, kabla sijafungua steshenari, nampigia mzee. Namsalimia, namuuliza habari za ng'ombe. Kisha namuuliza kama ameshakunywa maji leo. Alikuwa akicheka zamani. Siku hizi hanijibu tena kwa maneno. Anamwita mkewe alete kikombe, anaisogeza simu karibu na shingo, nami nasimama hapo na funguo mkononi, sipumui, mpaka nimsikie akimeza.