Kuku wa Kila Jumatano, Sagalla

Siku yangu ya kwanza kazini, sista wa zahanati alinipa mkoba, mashine ya kupima presha na onyo: "Usiende kuhubiri. Pima, sikiliza, sema kitu kimoja tu." Mimi wa darasa la nane nikajiona daktari. Nilisema vitu kumi.

Nilipangiwa nyumba za Sagalla, nizizungukie kila wiki nikipima watu presha. Mkanda unafungwa juu ya kiwiko, mtu ametulia. Namba ya juu ni moyo ukisukuma damu, ya chini ni moyo ukipumzika. Namba za Mzee Mwakio zilinitisha. Upande mmoja wa mwili wake ulishawahi kufa ganzi, ukarudi, na sista alisema safari ya pili huenda usirudi.

Dawa alimeza. Sigara aliacha. Chumvi aliapa ameipunguza. Lakini kila Jumatano nikipima, presha iko kulekule juu. Nilichoka jamani. Nilimgombeza mzee wa watu huku nimeshika paja la kuku alilonipikia mkewe, limekaangwa likaogelea mafuta, chumvi hadi midomo inawasha.

Jumatatu moja nikapita bila kutarajiwa. Nikawakuta na kimanga, ile mihogo na maharagwe ya kuponda, bila chumvi.

"Mama, kumbe mnapika hivi?"

"Hii ni yetu," mkewe, Mama Wakesho, akasema. "Wewe ni mgeni. Nikupe kimanga baridi ukanitangaze mlima mzima?"

"Na Mzee je?"

"Mgeni ale peke yake kama mwizi?"

Kumbe ni mimi. Kuku alianza kukaangwa Jumanne kwa ajili yangu, masalio wakala hadi Ijumaa. Nilimsihi achemshe tu, akanuna. Nikampelekea sista kilio changu, naye hata hakuinua kichwa: "Basi acha kuwa mgeni."

Jumatano iliyofuata nilifika asubuhi na jembe begani, nikapitiliza hadi shambani. Mama Wakesho alilalamika kwamba namwaibisha. Mzee alicheka, akachukua jembe lake, akanifuata. Tukalima hivyo wiki baada ya wiki, tukala kimanga, na namba zikashuka polepole.

Sasa nimestaafu na ujana wangu, naenda Voi kujaribu biashara ya juisi. Wewe unayeanza kazi hii, usimwogope mtu asiyekusikia. Mwogope anayekupenda.

Siku ya kuaga, Mzee Mwakio alinisindikiza kwa miguu mteremko wote hadi barabarani, akakataa nimshike mkono. Nilipopanda boda nikageuka nimpungie. Alikuwa ameshaanza kupanda mlima.